Wa Ng'ambo Wamezoea

Mwanangu Anjela,

Nilimkosea Paskalina wa Mzee Tluway kabla ninyi wawili hamjajua kusoma, na wewe umelinywa kosa hilo kila siku bila kujua. Bomba la getini kwetu halikutakiwa kuwa getini kwetu. Nililihamisha mimi, kwa mkono wangu, na mpaka leo hakuna niliyemwambia isipokuwa mama yako, naye nimemwambia jana.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu na habari za safari nitazunguka mpaka karatasi iishe. Mambo ya sanduku, blanketi, na nani wa kumpigia ukifika Dodoma, mama yako ameyasema yote na kesho pale stendi atayarudia. Mimi nina hili moja. Unajua baba yako ni mtu wa gereji, darasa la saba, mimi na spana tunaelewana kuliko mimi na kalamu. Ukikuta nimeandika vibaya, nisamehe, soma hivyo hivyo.

Niseme kwanza kilichonisukuma. Ni Jumapili, kwenye sherehe yako ya kuagwa. Wajomba zako wameshuka kutoka Rombo na pombe yao ya mbege, wenzangu wa gereji wamejaa, kila mtu anakupongeza. Mama yako alikuwa amemwomba Paskalina aje kusaidia jikoni. Utakumbuka alipita na jagi na beseni, ananawisha wageni mikono. Alipofika meza ya binamu zako ukamshika mkono kwa upendo kabisa, ukasema, "Huyu tulikaa dawati moja. Hesabu alikuwa ananiacha mbali. Basi tu, shule hakuipenda."

Binamu yako mmoja akasema, "Ndiyo hivyo, kila mtu na chake."

Paskalina akacheka. Akamwagia maji mgeni aliyefuata, akasema, "Nilikuwa nasinzia sana, dada. Darasa lile lilikuwa na joto."

Mimi nilikuwa nyuma yenu na kreti ya soda. Joto, Karatu hii, asubuhi, darasa lisilo na vioo madirishani. Mnasoma mmevaa masweta mawili mawili. Alikuwa anakustiri wewe, na alikuwa ananistiri mimi bila kujua. Niliweka kreti chini nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye banda la kuku kama mtu anayetafuta kitu.

Sikukasirika na wewe. Ulisema unachokijua. Mimi ndiye niliyekulea usijue.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Unajua kitongoji chetu kimekatwa na korongo. Huku upande wa barabara ni sisi na nyumba nyingine tatu, watu wa kuja, tulionunua viwanja karibu na lami ili iwe rahisi kwenda mjini. Ng'ambo ndiko waliko watu wengi, Wairaqw, waliozaliwa hapa na baba zao wamezikwa hapa. Mradi wa maji ulipokuja, tuliambiwa kila kitongoji kitapata bomba moja tu maana presha ni ndogo. Nikachaguliwa katibu wa kamati. Walinichagua kwa vile najua mipira na koki, na kwa vile Kiswahili changu kinakwenda mbio.

Alikuja kijana mmoja wa kupima. Kijana mzuri, alitembea na sisi kutwa nzima, nyumba kwa nyumba, anauliza wanachota wapi, nani anachota, wanarudi saa ngapi. Jioni akapigilia kigingi cha mti, akakipaka kichwa rangi nyekundu. Alikipigilia ng'ambo, pale kwenye mwinuko karibu na kwa Mzee Tluway. Akasema, "Hapa ndipo katikati ya watu. Katikati ya ramani ni kwingine, lakini maji yanafuata watu." Tukaitikia wote. Na mimi niliitikia.

Mafundi wa kuchimba walikuwa wengine, na yule wa kupima hakurudi tena. Walipokaribia kufika, nilitoka asubuhi kwenda kazini, nikavuka korongo, nikang'oa kile kigingi. Kilitoka kirahisi kama karoti. Nikaja nacho, nikakipigilia getini kwangu.

Ningeweza kukuambia kwamba mama yako alikuwa na maumivu ya mgongo wakati ule. Alikuwa nayo kweli. Lakini hiyo siyo sababu, hiyo ni ya kujitetea. Kutoka kwetu mpaka pale penye mwinuko ni mwendo ambao ungeacha ugali jikoni na ukarudi haujaungua. Sababu ni kwamba nilitaka geti langu liwe geti la mtu mwenye bomba. Nilitoka Rombo sina kitu, nilitaka watu wakielekezana njia waseme, "pale penye maji kwa fundi." Na walisema hivyo. Hata wewe ulikuwa ukiwaelekeza wageni hivyo hivyo.

Kabla ya kuchimba kulikuwa na kikao. Mzee Tluway alisimama, kofia mkononi. Unajua Kiswahili chake, kinatoka polepole, anakipima kila neno. Akasema, "Mwenyekiti, mimi nauliza. Ile mti nyekundu ilikuwa kule kwetu. Sasa iko huku kwa fundi. Imekuja na miguu?"

Watu wakacheka. Alikuwa na haki ya kicheko kile, alikitafuta yeye. Lakini mimi nikamnyang'anya. Nikasimama nikasema, "Haikuja na miguu, mzee wangu, imekuja na akili. Korongo hili kila mwaka linakula ardhi. Tukivusha bomba pale, mvua moja tu tutalifuata Ziwa Eyasi."

Wakacheka zaidi.

"Lakini watu wengi iko kule," akasema. "Na hii maji ni ya…" Akakwama. Kuna neno alikuwa analitaka. Akamgeukia jirani yake, akamuuliza kwa Kiiraqw.

Ningenyamaza pumzi mbili tu, neno lingekuja. Sikunyamaza. Nikasema, "Mzee, ninyi wa ng'ambo mmezoea kisima chenu cha korongoni tangu enzi za babu zenu. Sisi wageni ndio matumbo yetu mepesi."

Kikao kizima kikaanguka kwa kicheko. Na yeye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa lugha ambayo si ya mama yake. Akavaa kofia akakaa. Mwenyekiti akasema, "Tuendelee." Ikaisha pale. Neno alilokuwa analitafuta silijui mpaka leo.

Uongo wangu wa korongo nao uujue. Mimi ni mtu wa kuchomelea vyuma. Siku ile ile nilijua kwamba ukilaza chesisi ya gari kuukuu juu ya korongo, ukapitisha bomba ndani yake, mvua itapita chini inaimba. Nililijua jibu nikalificha, kwa sababu swali lilikuwa limekaa mahali ninapopataka.

Sasa nikueleze lile neno, "wamezoea", nililipata wapi. Sikuzaliwa nalo.

Nilipokuja Karatu kijana, nilipokelewa na gereji moja ya magari ya watalii. Mwenye gereji alitupa makatoni ya kulalia chini ya turubali. Siku moja gari likafia juu kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mwezi wa saba, ukungu mzito. Bosi akaja na pikapu, amebeba makoti kwa ajili ya madereva waliokwama. Dereva mmoja akamuuliza, "Na hawa mafundi je?" Bosi akajibu bila hata kutuangalia, "Mafundi wamezoea." Nikaingia chini ya gari, matope ya baridi mgongoni, vidole havisikii nati. Nilikuwa nalia, nikashukuru niko chini ya gari hawanioni.

Ungedhani mtu aliyeambiwa vile hatamwambia mwenzake. Mimi nililiokota lile neno kama mtu anavyookota spana nzuri barabarani. Nikalitia mfukoni. Nikangoja siku yangu.

Nimeliangalia sana neno hilo siku hizi mbili tatu. Lina ujanja. Ukisema "tumewanyima", utatakiwa kueleza kwa nini. Ukisema "wamezoea", hapo hakuna aliyenyima na hakuna aliyenyimwa, ni tabia yao tu, kama vile wengine wanavyopenda ndizi na wengine makande. Na wewe uliposema "hakuipenda shule", ni neno lile lile limevaa gauni. Samahani kukuambia hivyo siku ya mwisho. Ila ningelinyamazia ungekwenda nalo Dodoma, ukaja kulitumia mahali ambapo wewe ndiye unayeshika kigingi.

Maana hicho ndicho unachokwenda kusomea, mipango. Jioni moja ulinisomea kitabu cha chuo walichokutumia kwenye simu, kuna somo zima la kwa nini wengine wanacho na wengine hawana. Watakufundisha makubwa, na uyashike. Mimi nakuambia dogo ambalo nililiona likikua uani kwangu.

Bomba lilipofika getini, mama yako akapanda mchicha. Kwa vile tuna maji, tukafyatua matofali wenyewe, tukaongeza chumba. Kwa vile kuna chumba na maji, mwalimu wenu wa hesabu akaja kupanga. Unakumbuka, alikuwa anakaa na wewe mezani jioni, unamletea chai, anakupigia mstari chini ya ulipokosea. Hakuna aliyelipanga hilo. Lilijipanga lenyewe, moja likavuta jingine, mpaka leo unapanda basi.

Ng'ambo nako mambo yakavutana hivyo hivyo, ila kurudi chini. Paskalina alikuwa anashuka korongoni kabla hakujapambazuka kuwahi foleni ya kisima. Akirudi anakuta kengele imeshagonga. Anachapwa kwa kuchelewa. Anasinzia. Na aliyemchapa ni mwalimu yule yule, ambaye jioni anakuja kwetu anaoga maji ya bomba anajiimbia bafuni. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alifuata kengele. Kisima nacho hakikuwa kibaya, kilitoa maji yake. Ukiwauliza watu wote mmoja mmoja hutampata mwenye kosa, kila mtu atakuonyesha mikono misafi. Paskalina akarudia kidato cha pili, akashindwa tena, akabaki nyumbani. Watu wakasema hana kichwa.

Mimi nilijua alikuwa na kichwa. Mwalimu aliwahi kuniambia tukiwa tunakunywa chai, "Fundi, huyu wa ng'ambo angekaa macho angempita binti yako." Nikasema, "Wale wameshazoea kulala mapema." Angalia lilivyo karibu na ulimi.

Mwaka juzi nikaitwa Enguserosambu, mbali kule Umasaini, gari la wageni limevunjika springi. Safari ndefu, unaikumbuka, nilikuletea ile shanga. Nimelala chini ya gari, akapita mama mmoja wa Kimaasai na punda wawili wamebeba madumu ya maji. Wageni wakamuuliza dereva kitu kwa Kizungu, dereva akawajibu, wakatikisa kichwa kwa huruma. Kisha dereva, mtu wa maneno, akamwambia yule mama kwa Kiswahili, akimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, "Yeyo, wameniuliza hamchoki na safari hii ya maji. Nimewaambia mmezoea."

Yule mama akasimama. Akasema, "Nani amezoea? Mimi sina gari."

Dereva akacheka, akasema, "Usikasirike, yeyo."

"Sijakasirika. Nakusaidia ujue. Wakikuuliza tena waambie, huyu hana gari." Akawapiga punda akaenda.

Maneno hayo yaliniingia kichwani kama grisi, hayatoki kwa kunawa. Nikarudi Karatu. Na unajua nilifanya nini? Nikamnunulia Mzee Tluway sukari na kanga ya mkewe. Ndivyo nilivyofanya miaka yote. Krismasi sukari, Pasaka mchele. Wewe ndiye uliyekuwa unavipeleka, unarudi unasema, "Baba, wamefurahi sana, wanakuombea." Nami navimba kifua. Nilikuwa natoa sukari ili nisirudishe kigingi. Mwaka mmoja Mama Paskalina alinifuata mpaka gereji kunishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ile mikono, Anjela, ilikuwa imekakamaa kwa kamba ya kisima. Na mimi nikapokea shukrani.

Kwa hiyo huko uendako, ukimwona mtu anatoa sana kwa watu wale wale kila mwaka, usimdharau, pengine ana moyo mzuri. Ila muulize taratibu kilichowafanya wahitaji ni nini, na kiko uani kwa nani. Na siku ukipewa nafasi ya kusema kwenye vikao, maana utapewa, una maneno mepesi kama mimi, mwangalie yule anayetafuta neno. Mngoje. Mambo mengi ya watu yameamuliwa kabla mtu mmoja hajapata neno lake. Mimi nimekaa vikao vingi hapa kijijini na sijaona mtu akinyimwa kura. Nimeona watu wakinyimwa nafasi ya kumaliza sentensi.

Usianze kujionea aibu kwa ajili ya shule. Ile mitihani uliifanya wewe, mimi na bomba hatukushika kalamu. Nenda ukasome usishushe kichwa. Nikiona umelegea eti kwa sababu ya barua hii, nitajua nimekosea mara ya pili. Nataka tu ujue ulisukumwa, na aliyekusukuma alimkanyaga mwenzako ili apate pa kusimama.

Jana nilimwambia mama yako. Nikafikiri atalia. Akasema, "Kwa hiyo mimi nitakwenda ng'ambo kuchota maji?"

Nikasema, "Utakwenda."

"Na mgongo huu?"

"Basi nitakwenda mimi."

"Wewe? Fundi mzima, na ndoo?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Nitakaa pale getini na kiti nione. Nitawaita na majirani." Kisha akaacha kucheka, akasema, "Baba Anjela, yule mtoto mdogo, Yustina. Leo asubuhi nimemwona anapanda kutoka korongoni na dumu, ana sare ya shule imelowa mgongoni."

Yustina ni mdogo wake Paskalina, unamjua, yule anayechora kwenye vumbi la gari langu. Yuko darasa la tano. Juzi alichora namba kwenye boneti, nikamuuliza ni za nini, akasema, "Nahesabu nati za tairi zote, na ya akiba." Alikuwa amepatia. Huyo ndiye aliyenikalisha chini niandike. Ya Paskalina yamekwishapita, siwezi kumrudishia zile asubuhi. Kama bado anataka shule, hilo nitamuuliza yeye mwenyewe na sitampangia, maana nimeshampangia vya kutosha. Lakini ya Yustina hayajapita. Kila asubuhi ninayochelewa mimi, anachelewa yeye.

Na hapa ndipo nataka ulale vizuri, mwanangu, kwa sababu hili linawezekana. Jambo hili halikuletwa na Mungu wala na ukame. Lililetwa na mtu mmoja asubuhi moja akienda kazini, na mtu huyo bado ana nguvu zake. Kule gereji kuna chesisi mbili za magari ya watalii zimekaa kwenye majani, mwenyewe amesema nizichukue aone pamesafishika. Jana nimepima korongo. Ukiziunganisha kichwa kwa kichwa, zinavuka na kubaki. Kuchomelea ni kwangu, mipira ni kwangu, kuchimba nitaanza peke yangu, atakayekuja kunisaidia aje akijua anasaidia nini. Bomba halitaongezwa, litahama, maana presha ni ile ile. Sisi wa huku tutavuka kuchota. Hizi nyumba tatu watanisema, mmoja aliyeniona nikipima ameshaanza. Amesema, "Fundi, tumezoea maji hapa." Nikamwambia, "Ndiyo. Na mimi nilizoea. Tutazoea na kule."

Kesho nikikuacha stendi sitapita gereji. Nitavuka moja kwa moja kwa Mzee Tluway, nitamwambia yote kwake nyumbani, mbele ya mkewe na Paskalina, kabla hawajasikia kikaoni. Atakavyonipokea ni juu yake. Akinifukuza nitarudi keshokutwa. Alhamisi kuna kikao cha kitongoji, nitasimama niseme kigingi kilikuja na miguu, na miguu ni yangu. Ukatibu nitauacha pale pale. Halafu nitamwomba mwenyekiti amruhusu Mzee Tluway aseme kwa Kiiraqw, kwa urefu anaoutaka, na kama Paskalina atakubali, atutafsirie sisi tusiojua. Miaka yote hii nimekaa hapa na lugha ya jirani yangu sijui zaidi ya salamu, hilo nalo ni langu. Atakapofika pale alipokwama, nitangoja. Nataka kulisikia lile neno.

Umekuwa ukifungua na kufunga banda la kuku tangu ukiwa mdogo kwa kile kipande cha mti chenye kichwa chekundu. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini kimepakwa rangi, nikakuambia ni ili kisipotee kwenye majani. Ndicho kile kigingi. Sikuwa na ujasiri wa kukichoma wala wa kukirudisha, nikakifanya kitasa cha kuku. Leo nimekitoa. Banda nimelifunga kwa waya, kwa hiyo kesho ukitaka kuaga kuku wako uangalie usijichome.

Jumamosi, ile inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua hazijakolea, kabla jua halijazama nitakuwa nimekipigilia kigingi hiki pale kilipokuwa, kwenye mwinuko wa ng'ambo, na koki itakuwa kando yake inatoa maji. Jumatatu yake Yustina atakwenda shule sare yake imekauka. Na asubuhi hiyo hiyo piga simu nyumbani mapema. Ukiambiwa baba amekwenda kuchota maji, ujue imekuwa.

Baba yako